Tangi Hupumua: Ninavyopanga Valvu za Matangi ya Kemikali Industrial Area

Tangi la kwanza kuniharibikia mikononi halikupasuka. Lilijikunja. Lilikuwa la chuma cha pua, ukuta wa milimita 3, kipenyo mita 4 na kimo mita 5, katika kiwanda kimoja karibu na Barabara ya Lunga Lunga, Nairobi, ambacho sitakitaja. Mafundi wa rangi walikuwa wamefunga mfuko wa plastiki kwenye tundu la hewa ili rangi isiingie. Enzi hizo mifuko ilikuwa kila mahali, kabla ya marufuku ya 2017. Jioni walishuka na ngazi zao, mfuko ukabaki juu.

Jumamosi ya Aprili, jua liliwaka mpaka saa nane mchana, halafu ikaja ile mvua ya masika inayomwagika kama ndoo iliyopinduliwa. Pampu nayo ilikuwa inavuta bidhaa kwenda kwenye mapipa. Tulisikia mshindo mmoja, kama mtu amekanyaga debe. Mlinzi alikuja mbio kutoka getini: "Mkubwa, kuna lori limegonga?" Hakukuwa na lori. Ubavu mmoja wa tangi ulikuwa umeingia ndani, mkunjo mrefu kutoka paa mpaka kiunoni.

Usiku nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga miezi sita kabla. Hewa ndani ya tangi ilikuwa na joto la kama digrii 50. Mvua ikaishusha hadi karibu 15. Hewa iliyofungiwa ikipoa hivyo, shinikizo lake hupungua kwa sehemu 35 kati ya 323, yaani asilimia 11. Shinikizo la hewa la Nairobi ni takriban kilopaskali (kPa) 83. Asilimia 11 yake ni kPa 9 za ombwe, yaani upungufu wa shinikizo ndani ya tangi, na ukuta wa milimita 3 kwa kipenyo kile haustahimili hata 7, hapo sijahesabu kilichovutwa na pampu. Tangi halikuwa na jinsi.

Toka siku hiyo, mtu akiniuliza valvu ya inchi ngapi itamtosha, mimi humuuliza kwanza tangi lake linapumua vipi. Mwaka huu nimempangia mama mmoja mwenye kiwanda cha vitakasa mikono tangi la etanoli (spiriti), na nitaeleza hatua nilizofuata nikitumia tangi hilo. Ni la wima, kipenyo mita 3.6, kimo mita 5, mita za ujazo 50 hivi, chuma cha kawaida cha milimita 5, paa la koni.

Tangi lako ni dhaifu kuliko unavyodhani

Watu huona chuma wakadhani nguvu. Mama huyu aliniambia, "Fundi, lori linaweza kuligonga lisisikie." Nikamwambia, mama, lori sawa, lakini pumzi hapana.

Matangi ya aina hii hayapimwi kwa bar wala kwa psi kama mtungi wa gesi. Mpaka wa juu kabisa wa matangi ya shinikizo dogo, kwa kiwango cha API 620 (API ni taasisi ya petroli ya Marekani), ni psi 15, yaani kPa 103. Mengi tunayojenga mjini hufuata API 650, na hayo hayafiki hata kPa 18. Tangi la mama nililipangia kPa 5 za shinikizo. Zigeuze kuwa maji: kPa 1 ni milimita 102 za maji, kwa hiyo kPa 5 ni kimo cha nusu mita ya maji. Mtoto akipuliza mrija kwa nguvu anaweza kufika hapo.

Sasa zigeuze kuwa mzigo. Paa lina mita za mraba 10.2. Zidisha kwa kPa 5, unapata nguvu ya zaidi ya tani 5 ikisukuma paa juu. Ukuta na paa la tangi hilo pamoja vina uzito wa kama tani 2.6. Maana yake, tangi likiwa tupu na valvu imeziba, kabla paa halijachanika ukuta utainuka na kung'oa mshono wa sakafu. Hapo ndipo panapouma, kwa sababu sakafu ikifunguka bidhaa yote inamwagika kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana tuliweka boliti za nanga kuzunguka msingi. Mwenye tangi alilalamikia bei ya nanga. Nilimwonyesha hesabu ya tani 5 kwa 2.6 na akanyamaza.

Upande wa ombwe ni mbaya zaidi. Tangi la kawaida la API 650, usipoomba kitu cha ziada, huhesabiwa kwa kPa 0.25 za ombwe tu, milimita 25 za maji. Kwa paa letu hiyo ni mifuko mitano ya saruji iliyotandazwa juu, basi. Na kuna mtego hapo: sahani ya valvu ina uzito wake, na valvu nyingi za sahani haziwezi kuwekwa zifunguke chini ya milimita 22 za maji. Ukiwa na tangi la 25 na valvu inayoanza kufunguka kwa 22, umebakiwa na milimita tatu za kupitisha hewa yote inayotakiwa. Haipiti. Kwa hiyo, mwambie mchoraji wa tangi mapema, kabla hajaagiza bamba la chuma, kwamba unataka kPa 1 ya ombwe. Kwa tangi dogo la milimita 5 ukuta hubeba hiyo bila shida. Paa ndilo lipigiwe hesabu upya, pengine liongezwe mbavu mbili tatu za chuma cha pembe. Gharama ya mbavu hizo ni ndogo mno ukilinganisha na crane ya kuondoa tangi lililokunjika.

Andika visa kabla ya kufungua katalogi

Kijana ninayefanya naye kazi ana haraka ya katalogi. Mimi humnyang'anya na kumpa daftari. Andika kila njia ambayo kitu kinaweza kuingia au kutoka kwenye tangi: kimiminika, gesi, mvuke, joto. Kila njia ni kisa, na kila kisa kina namba yake ya mita za ujazo kwa saa. Valvu hukatwa, yaani huchaguliwa ukubwa, kwa namba kubwa kuliko zote, si kwa kisa unachokipenda.

Kwa tangi la etanoli, daftari letu lilikuwa na haya: lori linajaza, pampu inavuta, jua linapasha, mvua inapoza, mdhibiti wa naitrojeni (kifaa kinachoingiza gesi hiyo kwenye tangi) kinakwama kikiwa wazi, hewa ya lori inapita mwishoni mwa kupakua, tangi linajaa kupita kiasi, moto nje ya tangi. Kungekuwa na koili ya mvuke ndani tungeandika pia koili ikipasuka. Kungekuwa na mazoea ya kuosha tangi kwa maji moto tungeandika hilo kwa wino mwekundu, maana mvuke wa maji ukipozwa na maji baridi hautoweki kwa asilimia 11. Hutoweka karibu wote.

Visa vya kemikali vyenyewe navitenga. Peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 50 ikiharibika yote, lita moja hutoa karibu lita 200 za oksijeni, tena ikichemka na kububujika. Asidi ikimiminwa kimakosa kwenye tangi la dawa ya kufulia nguo nyeupe, inatoka klorini. Hapo usihesabu valvu ya kupumulia ukajidanganya umemaliza. Kinga ya kisa hicho iko kwenye kiungo cha paipu: kila bidhaa na ukubwa au aina yake ya kiungo, ili mpira wa lori la asidi usiweze kukaa, hata dereva akilazimisha.

Hesabu ya pumzi za kila siku

Kiwango tunachotumia ni API 2000; ndugu yake wa kimataifa ni ISO 28300. Namba zake ziko kwa mita za ujazo za hewa ya kawaida, yaani hewa ya digrii 0 kwa shinikizo la usawa wa bahari. Nitaziita mita za kawaida.

Kupumua nje kwa sababu ya kujaza: bidhaa isiyo na mvuke mwingi, yenye shinikizo la mvuke lisilozidi kPa 5, inasukuma mita moja kwa kila mita iingiayo. Ikizidi 5, zidisha kwa mbili, kwa sababu kimiminika kikitibuka kinatoa mvuke wake juu ya hewa kinayoisukuma. Etanoli ina takriban kPa 5.9 kwenye digrii 20. Imevuka mstari. Pampu ya mama ni ya mita 30 kwa saa, kwa hiyo 60.

Kupumua nje kwa sababu ya jua: 0.32 mara ujazo wa tangi kwa kipeo cha 0.9. Hiyo 0.32 ni ya sehemu zote zilizo chini ya latitudo 42, nasi tuko digrii moja na kidogo kusini mwa Ikweta. Kwa mita 50 inatoka kama 11. Jumla nje: 71.

Kupumua ndani kwa sababu ya pampu: inavuta mita 20 kwa saa, basi 20. Kupumua ndani kwa sababu ya kupoa: C mara ujazo kwa kipeo cha 0.7. Hapa ndipo panapotaka akili. Kwa latitudo yetu C ni 4 kama bidhaa ina mvuke kama wa heksani (kiyeyushi chepesi cha mafuta ya petroli) au chini na wastani wa joto la hifadhi uko chini ya digrii 25. Vinginevyo ni 6.5. Etanoli iko chini ya heksani, na Nairobi haina joto la Mombasa, kwa hiyo kijana wangu aliandika 4 akapata 62. Nilimkatalia. Tangi limesimama mita mbili kutoka ukuta wa boila. Na mwakani mama akipata zabuni ya bidhaa nyingine hatanipigia simu kuniuliza kuhusu C. Tulitumia 6.5 tukapata 100. Jumla ndani: 120.

Angalia namba hizo mbili. Kuingia kwa hewa ni kukubwa kuliko kutoka, karibu mara mbili, na sehemu kubwa yake ni mvua. Watu wengi wakisikia neno shinikizo hufikiria kulipuka tu, hununua tundu la kutolea na kusahau la kuingizia, kumbe kwa tangi dogo hapa Nairobi mvua ya saa tisa alasiri ndiyo mwenye nyumba.

Lori

Kisa hiki nakikawiza kwa makusudi, kwa sababu sijakiona kikiandikwa katika michoro mingi ninayoletewa kukagua.

Madereva wengi hawapendi kungoja pampu ya kiwanda. Wanafunga mpira wa hewa kwenye tangi la lori, wanalikandamiza kwa bar 2, na kimiminika kinasukumwa chenyewe. Wakati kimiminika kinapita, mambo ni shwari. Kikiisha, ile hewa yote iliyobanwa ndani ya lori inafuata nyuma kwa kasi, inaingia chini ya tangi lako ikibubujika. Kwa mpira wa inchi mbili na bar 2, hesabu ya mdomo ulio wazi kabisa inakupa zaidi ya mita 2,000 za kawaida kwa saa. Kata nusu kwa ajili ya msuguano wa mpira na viungo, bado ni zaidi ya 1,000. Valvu yetu tumeikata kwa 71.

Una njia mbili. Ama uihesabu hewa hiyo ndani ya valvu, na valvu yako iwe kubwa mara kumi na zaidi, ama uizuie isifike. Mimi huchagua kuizuia: kupakua ni kwa pampu ya kiwanda peke yake, kiungo cha hewa hakipo karibu na kituo cha kupakulia, na kwenye paipu ya kuingizia nafunga bamba lenye tundu dogo linaloweka kikomo cha mtiririko. Halafu napiga hesabu ya hewa kupitia tundu hilo vilevile, kwa sababu dereva ni dereva. Kwa tangi la mama, hewa iliyoweza kupenya tundu bado ilizidi uwezo wa valvu ya kupumulia, kwa hiyo kifuniko cha dharura, nitakachokieleza kwenye moto, ndicho kitakachoibeba. Hilo liliandikwa wazi kwenye karatasi ya hesabu, si kuachwa liwe bahati.

Kuna pia pampu ya lori lenyewe. Umepanga 30, lori linakuja na pampu yake ya 60. Zidisha tena kwa mbili, ongeza jua, umefika 131. Waulize wanaokuletea bidhaa kabla hujachora.

Naitrojeni, na sababu ya kuitaka

Etanoli ina tabia mbaya kuliko petroli katika jambo moja. Ndani ya tangi la petroli mvuke kwa kawaida huwa mwingi kupita kiasi, hauwaki kwa kukosa hewa. Mvuke wa etanoli huwaka ukiwa kati ya asilimia 3.3 na 19 ya hewa. Sasa gawanya kPa 5.9 kwa kPa 83 za Nairobi: asilimia 7. Digrii 30 inakupa kama 12 hadi 13. Kwa hiyo siku nzima, asubuhi ya baridi na mchana wa jua, nafasi iliyo juu ya kimiminika iko katikati kabisa ya eneo la kuwaka. Na ule mwinuko wetu unashusha pia kiwango cha joto ambacho mvuke wake huanza kushika moto: kwenye karatasi za bidhaa imeandikwa digrii 13 hivi, huku juu ni pungufu kwa digrii 4 au 5.

Ndiyo maana tuliweka blanketi ya naitrojeni, gesi isiyowaka inayojaza nafasi iliyo juu ya kimiminika. Inaingia shinikizo likishuka chini ya kPa 0.4. Lakini usiipunguzie valvu ya ombwe kazi yake kwa sababu naitrojeni ipo. Mtungi huisha Ijumaa usiku. Na ongeza kisa cha mdhibiti kukwama wazi: soma uwezo wake mkubwa kabisa kwenye jedwali la mtengenezaji, kwa shinikizo la juu kabisa la mtungi baada ya mdhibiti wa kwanza, uandike namba hiyo daftarini. Kwa mama ilikuwa ndogo kuliko 71. Kwa kiwanda kingine nilichokagua ilikuwa mara nne yake, kwa sababu mtu alinunua mdhibiti mkubwa "ili usisumbue."

Moto

Waliokuwa wakifanya kazi Industrial Area Septemba 2011 wanajua moto wa mtaa wa Sinai, bomba la mafuta lilipovuja, ulivyokuwa. Mimi tangu hapo siruki hesabu ya moto hata kwa tangi la mita 10, hata mwenye kiwanja akisema jirani yake ni ghala la unga. Viwanja vyetu vimebanana. Moto wa jirani ni wako.

Hesabu huanza na eneo la ukuta linaloweza kupata ndimi za moto, mpaka kimo cha mita 9.14 kutoka ardhini. Tangi letu ni fupi, kwa hiyo ukuta wote: mita za mraba 56.5. Kwa eneo kati ya 18.6 na 93, joto linaloingia kwa wati ni 224,200 mara eneo kwa kipeo cha 0.566. Inatoka megawati 2.2. Etanoli huhitaji takriban kilojuli 846 kugeuza kilo moja kuwa mvuke, kwa hiyo kilo 2.6 kila sekunde zinachemka na kutafuta mlango. Ukiigeuza kuwa hewa ya kawaida ni kama mita 6,400 kwa saa.

71 kwa pumzi ya kawaida. 6,400 kwa moto. Ndiyo maana hakuna valvu moja ya kufanya kazi zote mbili. Tunaweka valvu ya kupumulia kwa maisha ya kila siku, na kifuniko kizito cha dharura kinachoinuka chenyewe kwa moto.

Hapa pia Nairobi inadai chake. Majedwali ya watengenezaji yamepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Kwetu hewa na mvuke ni vyepesi kwa asilimia 18, na shimo lilelile kwa tofauti ileile ya shinikizo hupitisha kilo pungufu kwa asilimia 10 hivi. Moto haujali mwinuko, kilo ni zilezile 2.6 kwa sekunde. Kwa hiyo nagawanya 6,400 kwa 0.905 na kutafuta 7,100 kwenye jedwali. Kwa pumzi ya kawaida siongezi kitu, kwa kuwa pampu husukuma ujazo, si kilo, na huko wepesi wa hewa unatusaidia kidogo. Huo nauacha uwe akiba.

Mita 7,100 kwa kPa 4 na ushei zinataka shimo lililo wazi kabisa la karibu robo mita kipenyo. Kifuniko hakifunguki kikawa wazi kabisa, kwa hiyo unachonunua ni kikubwa zaidi ya hapo, jedwali litakuambia. Valvu ya kupumulia, kwa kulinganisha, ilitosha ya inchi 3.

Punguzo gani linakubalika? Kama kimiminika kikimwagika kinatiririka mbali na tangi hadi shimo la pembeni, API inakuruhusu kugawa kwa mbili. Kiwanja cha mama hakina pembeni. Maji ya kunyunyizia hayapewi punguzo lolote katika API 2000, na nakubaliana nayo: siku ya moto, shinikizo la maji ya mji nalijua. Na usiniambie paa dhaifu litafunguka. Hesabu ya paa dhaifu ni ya matangi mapana, ya mita 15 na kuendelea. Tangi jembamba na fupi kama hili huinuka kutoka chini kwanza, kama nilivyoeleza.

Kupanga ngazi

Shinikizo zote zipangwe kama ngazi, kila kidato kiwe na nafasi. Kwa tangi la mama: naitrojeni huingia chini ya 0.4. Valvu ya kupumulia huanza kufunguka 1.5 na hufika mtiririko wake kamili kwenye 3, kwa sababu valvu za sahani za uzito mara nyingi hutaka mara mbili ya shinikizo la kufungukia ndipo ziinuke sawasawa. Kifuniko cha dharura huanza 3 na lazima kipitishe 7,100 kabla ya 5. Upande wa ombwe: valvu huanza kunyonya 0.3, kamili 0.6, tangi limehesabiwa kwa 1. Kosa la kawaida ni kuweka naitrojeni 1.4 na valvu 1.5. Utakuwa unanunua naitrojeni ya kupasha mawingu.

Kizuia moto, kama kipo, nacho kinakula shinikizo. Kijumlishe pamoja na paipu kabla ya kusema valvu inatosha, na ukihesabu kikiwa kimeziba kiasi, maana kitaziba. Nimewahi kufungua kimoja nikakuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo katika theluthi ya njia.

Mvuke uende wapi

Mvuke wa etanoli ni mzito kuliko hewa, mara 1.6. Hauruki kama moshi. Huteremka na kutambaa. Mdomo wa valvu usiwe chini ya paa la mabati wala karibu na mlango wa boila. Jirani wa mama ana karakana ya kuchomelea upande wa mashariki, kwa hiyo tulihamisha valvu upande wa magharibi wa paa.

Watu hupenda kurefusha paipu ya valvu iende juu angani. Hapa kuna jambo ambalo limeharibu mapaa mengi: tangi likijaa kupita kiasi, paipu hiyo inajaa kimiminika. Mita moja ya etanoli iliyosimama juu ya paa inabonyeza kwa kPa 7.7. Tangi letu ni la 5. Yaani paipu uliyoweka kwa usalama inalipasua tangi bila moto wala mvua. Kwa hiyo mlango wa kumwagikia uwe chini ya kiwango cha paa, ushuke mpaka ndani ya ukuta wa kinga wenye mtego wa kimiminika, na swichi ya kujaa izime pampu kabla ya hapo.

Siku ya kupima

Huhitaji chombo cha bei. Mrija mwangavu wa plastiki uliokunjwa kama herufi U, ubao wenye rula, maji yenye tone la rangi ya chakula. Funga upande mmoja kwenye tangi tupu lililooshwa na kupimwa kuwa halina mvuke, funga milango mingine yote, ingiza hewa polepole kwa mdhibiti mdogo. Maji yakitengana milimita 153, valvu inapaswa kuanza kupumua. Weka kiganja juu utaisikia. Kisha vuta hewa kwa feni ndogo: milimita 31 upande wa pili. Kwa mama ilifunguka 29, nikaandika 29, si 31. Afisa wa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini akija atataka kuona uliyopima, si uliyotamani.

Kifuniko cha dharura kiinue kwa mkono. Kama mtu mmoja hawezi kukiinua, pengine kimeganda kwa rangi. Cha mama kilikuwa kimepakwa rangi ya fedha kuzunguka ukingo wote, nzuri kweli, na tulitumia patasi kukibandua. Upimaji tunaurudia Februari na Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli. Na kwenye ngazi ya kupandia nimening'iniza kibao cha bati chenye maneno kwa fundi wa rangi: usifunge, usipake, usizibe, ukiziba niite. Namba yangu ya simu iko chini yake.